Papa Volani Anajibu: Farasi 190 kwenye Foleni ya Nyawera

Kwa kawaida, ninyi wa Bukavu mnaniandikia mambo ya mahari, mashemeji na wapangaji wasiolipa, nami huwajibu kadiri ya uwezo wangu. Mwezi huu sanduku zima linanuka esanse. Kila mtu anataka kigari chenye hasira: kifupi, mlango wa nyuma unaofunguka kwenda juu, injini inayopiga kelele, na bei ya baiskeli. Basi mashemeji wasubiri.

Papa Volani, miye niko kijana wa Nguba, niko na dola 4,500. Nimeona RunX moja kule Kadutu, imeandikwa Z nyuma na iko na spoila. Muuzaji anasema ni farasi 190, injini ya Yamaha. Anataka nilipe mbele ya Jumamosi, juu kuna mtu wa Uvira anaitaka. Nifanye je?
— Moyo Unadunda, Nguba

Kijana wangu, tuanze na huyo mtu wa Uvira. Namfahamu sana. Anataka kila gari linalouzwa Bukavu, kila kiwanja na kila mbuzi, na hajawahi kununua kitu. Mwache aje.

Tuje kwa gari. RunX ya farasi 190 ipo kweli, haikutungwa Kadutu. Toyota walianza kutoa Corolla RunX na pacha wake Allex mwaka 2001, na ile ya ngazi ya juu, Z, ilifungwa injini ya 2ZZ-GE ya lita 1.8 ambayo Yamaha walishiriki kuiunda. Shida ni kwamba herufi Z inauzwa pamoja na gundi yake. Achana na sehemu ya nyuma, fungua boneti. Tafuta kibati cha Toyota, pangusa vumbi, soma mstari wa modeli. Ukikuta ZZE123, vua kofia, ndiye mwenyewe. Ukikuta NZE121, hiyo ni RunX ya watu wote, lita 1.5, injini ya 1NZ-FE, farasi 110 hivi. Injini hiyohiyo imo kwenye Probox na Ist nyingi. ZZE122 nayo ni 1.8, lakini injini yake ni 1ZZ, maarufu kwa kunywa oili. Halafu kaa kwenye kiti uhesabu gia. Z ya kubadilisha gia kwa mkono ina gia sita. Ukihesabu tano, funga mlango taratibu uage.

Tuseme kibati hakikusema uongo. Injini ile ina tabia mbili. Chini ya mizunguko 6,200 hivi ni Corolla ya mwalimu wa sekondari. Ikifika hapo, na kama imepata joto, sehemu nyingine ya kamshafti inashika kazi, vali zinafunguka zaidi, sauti inabadilika na gari linaruka. Ndiyo maana watu wanaipenda. Kwenye zile za miaka ya mwanzo kuna bolti ndani ambazo hukatika, na zikikatika, huo mruko hauji tena. Unabaki na Corolla ya mwalimu uliyoilipia bei ya mwanasoka. Oili ikipungua, mruko pia unakataa. Kwa hiyo huwezi kuinunua bila kuifikisha 6,200 ikiwa ya moto.

Hesabu basi. Kwenye gia ya kwanza, 6,200 ni karibu kilomita 50 kwa saa. Kwenye gia ya pili unakaribia 75. Utazipatia wapi? Kati ya Nyawera na Feu Rouge saa kumi na moja jioni? Kwenye njia ya Panzi, nyuma ya lori la mihogo? Hata ukiamka Jumapili kabla ya misa ya kwanza ukapata njia nyeupe, bado kuna suala la hewa. Uso wa Ziwa Kivu uko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na sisi tunaishi juu yake. Hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu asilimia 15, na injini isiyo na turbo inapungua nguvu kwa kiasi hicho. Katika farasi wako 190, karibu 30 walibaki bandarini Dar es Salaam. Ushuru wao umelipa, lakini hawatakuja.

Halafu uliza fundi gani mjini amewahi kuifungua injini hiyo. Siyo fundi aliyeisikia, ni fundi aliyeifungua. Piesi utaziagiza Kisekka, Kampala, kwa simu, na utarudia mara tatu kwamba unataka za 2ZZ, kisha zitakuja za 1ZZ. Mimi kwa dola zako 4,500 nisingeichukua. Na ikiwa ni NZE121 iliyobandikwa Z, ichukue kwa bei ya NZE121, ukimwomba muuzaji abandue herufi yake.

Papa Volani, bwana wangu ameletewa Golf GTI na ndugu yake wa Bruxelles. Usiku anatoka na tochi kwenda kuiangalia. Minerval ya watoto shuleni haijalipwa. Nikimuuliza, anasema gari lenye volani kushoto ndilo gari la Mukongomani.
— Mama wa Watoto Wane, Muhungu

Mama, kuhusu volani bwana ana haki. Congo tunaendesha upande wa kulia, na magari mengi ya Japani yanayopanda huku kutoka Mombasa na Dar yana volani kulia. Mpe ushindi huo. Hautakuwa na wenzake wengi.

Kama ni Golf 5 GTI, iliyotoka 2004, ni gari zuri: lita 2.0, turbo, farasi 200, na turbo hailalamikii milima yetu kama injini nyingine. Lakini ina midomo. Wa kwanza ni kikombe kidogo cha chuma, upana wake kama kizibo cha bia ya Primus, kinachokaa kati ya kamshafti na pampu ya esanse ya presha kubwa. Kinalika polepole, hakipigi kelele, hakiwashi taa. Kikitoboka, ncha ya pampu inaanza kula kamshafti yenyewe, na hapo hatuzungumzii tena minerval, tunazungumzia kiwanja. Kukitoa na kukitazama ni kazi ya bolti chache, na kipya ni bei ndogo. Muulize bwana lini kilitazamwa. Akijibu kwa kukuuliza kikombe gani, umeshapata jibu. Wa pili: ikiwa ni ile ya gia otomatiki ya DSG, oili yake na filta yake hubadilishwa kila kilomita 60,000, na si kwa oili yoyote inayouzwa kwenye chupa ya maji. Wa tatu ni matairi ya 225/45 ya inchi 17, ambayo kati ya rimu na shimo la mtaa wa Essence yana mpira mwembamba kupita kiasi.

Ushauri wangu: siku anaponunua esanse ya dola 20, dola 20 nyingine ziingie kwenye bahasha ya minerval. Bahasha ukae nayo wewe. Na kwa kuwa tochi tayari anayo, usimkataze kutoka usiku. Mwambie tu aimulike chini ya injini, atazame kama kuna oili inayodondoka.

Papa Volani, niko na Vitz ya volani kulia. Njia ya Kavumu siwezi kuona mbele ya malori, basi mama mkwe anayekaa kushoto ndiye ananiambia pita au bado. Juzi alisema pita, na basi lilikuwa linakuja.
— Mkwe Mwenye Mashaka, Bagira

Baba, sitaingilia hesabu za mama mkwe. Lakini kosa la madereva wengi wa volani kulia ni kujibandika nyuma ya lori. Ukiwa karibu, unaona turubai peke yake. Rudi nyuma mita 30, na upande wa kushoto unaanza kufunguka wenyewe. Na kwenye kona inayopinda kulia, wewe uliyekaa kulia unaona mbele ya lori kwa upande wa ndani kabla ya mwenye Golf, tumia hiyo. Mama mkwe mheshimu, mkaribishe kiti cha nyuma.

Papa Volani, nanunua esanse kwa ba-Kadhafi wa njiani, juu stesheni iko mbali. Sasa injini inagonga tiki-tiki-tiki nikipanda Muhungu, na fundi anasema nibadilishe injini nzima.
— Dumu la Njano, Kadutu

Kabla ya kubadilisha injini, badilisha Kadhafi. Injini za vigari vyenye hasira hubana hewa sana. Hiyo 2ZZ ya kijana wa Nguba inabana mara 11.5 na ilitengenezwa kunywa esanse bora. Ukiipa esanse dhaifu, au iliyochanganywa na mafuta ya taa, inawaka kabla ya wakati wake, na mlio wa tiki-tiki ndio huo. Kuna kihisio ndani kinachosikia kugonga na kuchelewesha cheche ili injini isipasuke. Maana yake ni kwamba umenunua farasi kwa dola, kisha unawafukuza kwa franga.

Na kama Kadhafi ameongeza maji pia, jaribio halina gharama. Mimina esanse kwenye chupa nyeupe, iache itulie usiku mzima mbali na moto na mbali na watoto. Maji yakiwemo yatakaa chini na mstari utauona kwa macho. Ukiyakuta, kausha tangi, weka filta mpya ya esanse, kisha ujaze kwenye stesheni inayopangwa foleni na mabasi ya kila siku. Shofa wa basi akiibiwa leo, kesho wenzake wote wanajua. Tiki-tiki ikiendelea baada ya hapo, tafuta fundi mwingine. Yule wa kwanza anatafuta karo ya mtoto wake.

Papa Volani, nataka kushusha gari sentimita tano na kutoa sailensa ili lilie vizuri. Ni wazo zuri?
— Sauti ya Radi, Ibanda

Kwa kulishusha: hesabu kanivo kati ya nyumba yako na lami, halafu hesabu pesa zako. Kwa sailensa: polisi wa rulaji wa Place de l'Indépendance kwa sasa wanalazimika kukuona ndipo wakusimamishe. Wewe unataka kuwanunulia kengele.

Papa Volani, barabara za Bukavu zinaua gari langu. Nafikiri kuvuka Ruzizi Jumamosi, nikalinyooshe upande wa Rwanda ambako lami ni laini.
— Mguu Mzito, Nguba

Lami ni laini kweli, na kila mita yake ina mtu au kamera. Pale kibao kinaposema 60 ni 60, na karatasi ya faini haijui kubembelezwa kwa Kiswahili chetu. Nenda, kula samaki Kamembe, rudi polepole.

Papa, niko mwanafunzi wa chuo kikuu cha UOB, mjomba ameniahidi kunisaidia gari. Pesa ni kidogo sana, lakini sitaki gari la kizee. Kuna njia?
— Kidogo Lakini Kali, Panzi

Ipo, mwanangu, na nashangaa hakuna mwingine aliyeiuliza mwezi huu. Tafuta Vitz RS ya zamani, ile ya lita 1.5, kibati kikisoma NCP13, gia tano za mkono. Injini yake ni 1NZ-FE ileile niliyoitaja. Farasi 110 hivi, na kigari chenyewe ni chepesi. Watakaokucheka wakumbushe kwamba Golf GTI ya kwanza, ile ya 1976 iliyowafundisha Wazungu kupenda vigari vya aina hii, ilikuwa na farasi 110.

Uzuri wake hasa ni huu: gari likikufia saa mbili usiku Essence, shofa wa teksi wa kwanza atakayesimama anaijua injini. Koili, plagi, pampu ya maji vinapatikana mjini bila kupiga simu Kampala. Haina mkanda wa taimingi, ina cheni. Iwashe asubuhi ikiwa baridi, na ukisikia mkwaruzo wa cheni kwa muda mrefu, punguza bei au ondoka. Panda nayo mlima kwa gia ya tatu ukikanyaga mafuta kwa nguvu: injini ikipandisha sauti na mwendo ukabaki palepale, ambreyaji imekwisha. Bonyeza kila kona ya gari kwa mikono miwili. Likinesa zaidi ya mara moja, amortisa zimekufa, na kwa mashimo yetu lazima zimekufa. Lala chini utazame kutu. Linganisha namba ya shasi iliyochapwa kwenye chuma na ile ya karte rozi, tarakimu kwa tarakimu, ukitumia kidole.

Usimwage pesa yote ya mjomba siku ya kwanza. Theluthi moja ibaki. Matairi manne mapya, pedi za breki, amortisa na oili vitangulie. Rimu za kung'aa zije ukishapata kazi. Vitz yenye matairi mazuri na breki nzuri itamwacha Z wa Kadutu kwenye kona zote za kushuka Muhumba, na kwenye mvua ya Novemba sitataja hata ni kwa umbali gani.

Siku ya kulipa, peleka noti mpya. Muuzaji aliyekuletea gari lililochubuka pande zote nne ataiinua dola mia juani, aigeuze, aipitishe kidole pembezoni, kisha akurudishie kwa sababu ina mkunjo.