Shemeji Mstoiko

Sina ugomvi na hekima. Ugomvi wangu ni na shemeji, tangu aanze kutazama video za Wastoiko kwenye simu, kwa bando ninalomnunulia mimi. Zamani nikimdai laki tatu zangu alikuwa na adabu ya kutopokea simu. Siku hizi anapokea, na anahubiri.

"Shemeji, Epictetus anatufundisha tuhangaikie yaliyo katika uwezo wetu tu. Hela ikishatoka mfukoni mwako, iko katika uwezo wako?"

Huyo Epictetus namheshimu. Alizaliwa mtumwa, mguu wake mbovu. Alipoachwa huru akafundisha Roma, Kaisari Domitian naye akaja akawafukuza wanafalsafa, mzee wa watu akahamia Nikopolis, Ugiriki, akaendelea kufundisha. Mtu wa hivyo akikuambia vumilia, unavumilia. Lakini shemeji yangu? Anayenihubiria akiwa juu ya pikipiki iliyofufuliwa na hela yangu hiyohiyo? Tena subira yake ni ya kugawia wengine. Juzi dada yake alimpakulia finyango moja badala ya mbili. Ustoiko ukaishia kwenye sahani.

Basi na mimi nikaingia vitabuni, kutafuta silaha. Nikamkuta Seneca, Mstoiko haswa, mwalimu wa Nero. Aliandika kwa ufasaha kwamba mali si kitu, huku yeye akiwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa Roma. Mwanahistoria Cassius Dio anadai Seneca aliwakopesha Wabritania sesterce milioni 40, mkopo ambao wala hawakuutaka, kisha akazidai zote kwa mkupuo, tena kwa ukali. Dio anaitaja hiyo kuwa mojawapo ya sababu za uasi wa Malkia Boudica, mwaka 60 au 61. Wapo wasomi wanaosema Dio alimchukia Seneca, huenda alitia chumvi. Mimi namwamini Dio neno kwa neno.

Nikamsomea shemeji ukurasa mzima, taratibu, hasa pale pa kudai kwa mkupuo. Akasikiliza macho yamefumba, utulivu mtupu, ungedhani anaombewa.

"Sawa," akasema. "Lakini Seneca alikuwa na jeshi la Roma nyuma yake. Wewe una nani?"

Nina mke. Na saa hiyo alikuwa jikoni, anamwongezea kaka yake finyango.