Subira ya Punda na Ndovu

Ukumbi wa Seneti, Washington. Maseneta wamekwenda zao nyumbani, Ijumaa. Waliobaki ni Punda wa Democratic na Ndovu wa Republican, wale wale aliowachora Thomas Nast magazetini karne ya 19 na ambao mpaka leo hawajapata pensheni. Juu ya meza ya mwenyekiti imelala Nyundo ya pembe, nene huku na huku, nyembamba kiunoni, haina mpini.

PUNDA: Pole pole, mzee Ndovu. Katiba inasema Rais ateue, Seneti ishauri na iridhie. Kushauri kunataka muda. Vuta subira, ndugu yangu.

NDOVU: Subira gani? Mabalozi na manaibu waziri walijaa foleni, nawe ulidai kila mmoja apigiwe kura peke yake, na saa za mjadala zitimie. Huko si kushauri. Ni kuhujumu serikali iliyochaguliwa na wananchi!

NYUNDO: Shikamoo, mjomba.

NDOVU: Marahaba… Mjomba wa nani?

NYUNDO: Wako. Mwaka 1954 Nixon, akiwa Makamu wa Rais, aligonga nyundo ya zamani kwa hasira ikapasuka. Ikatafutwa pembe ya kuchonga nyingine, madukani hakuna yenye ukubwa unaofaa. Wakauomba ubalozi wa India, ndiyo nikaja. Mimi ni jino la jamaa yako wa huko.

NDOVU: (akizipapasa pembe zake) Turudi kwenye ajenda.

NYUNDO: Ndiyo ajenda yenyewe. Hotuba uliyotoa sasa hivi niliisikia Novemba 2013, ila mtoaji alikuwa Punda.

PUNDA: Hali ilikuwa tofauti! Obama alikuwa na majaji watatu wa Mahakama ya Rufaa ya Washington, na huyu bwana amekaa mlangoni. Zilihitajika kura 60 kufunga mjadala, naye hatoi za kutosha. Kiongozi wetu Harry Reid angefanya nini?

NYUNDO: Alibadili utaratibu kwa kura 52 kwa 48. Wateule wote wakawa wa wingi wa kawaida, isipokuwa wa Mahakama ya Juu. Wenyewe mkaiita hatua ya nyuklia. Na mjomba hapa alilia kwamba Seneti imeuawa.

NDOVU: Nililia kwa dhati.

NYUNDO: Chozi lilikauka Aprili 2017, ulipozivunja hata zile kura 60 za Mahakama ya Juu ili Jaji Gorsuch apite.

PUNDA: Umesikia! Nami nilikuwa mvumilivu siku zote.

NYUNDO: Wewe Punda? Mwaka 2001 Bush alimteua Miguel Estrada kuwa jaji wa mahakama hiyo hiyo ya rufaa. Mwaka 2003 mara saba lilijaribiwa kufungwa lile domo lenu, mara saba likashindikana. Mtu wa watu akajiondoa mwenyewe.

PUNDA: Yule… tulikuwa tunashauri.

NDOVU: (anacheka mpaka viti vinatikisika)

NYUNDO: Usicheke, mjomba, hesabu yako bado. Februari 2016 Jaji Scalia alifariki. Machi, Obama akamteua Merrick Garland. Ukasema ni mwaka wa uchaguzi, wananchi waachwe waamue. Garland alikaa siku 293, hakuitwa na kamati hata siku moja. Hakukataliwa wala hakukubaliwa. Bunge lilipomaliza muda wake, uteuzi ukafa wenyewe.

NDOVU: Wananchi ni muhimu.

NYUNDO: Septemba 2020, Jaji Ginsburg akafariki. Uchaguzi ulikuwa umebakiza wiki sita na ushei. Wananchi wale wale hukuwasubiri. Mrithi wake, Barrett, alithibitishwa siku 38 baada ya msiba.

NDOVU: Kura nilikuwa nazo.

NYUNDO: Hapo ndipo umesema kweli, mara ya kwanza leo. Mwenye kura hana haraka wala subira, ana kura. Subira huhubiriwa na aliyezikosa. Mkuki kwa nguruwe.

PUNDA: Na nguruwe ni nani humu ndani?

NYUNDO: Hubadilika kila baada ya uchaguzi.

(Kimya. Punda anakwaruza zulia kwa ukwato.)

PUNDA: Angalau mimi sikugusa jeshi. Mwaka 2023 seneta wake mmoja, Tuberville, alikwamisha maafisa zaidi ya 400 kwa sababu ya sera ya utoaji mimba ambayo wao hawakuitunga. Kikosi cha Marine kikakaa bila kamanda aliyethibitishwa.

NDOVU: Alikuwa na msimamo.

PUNDA: Nami nina msimamo! Kwa wateule wa Trump sitoi ridhaa ya pamoja hata kwa mmoja.

NDOVU: Ndiyo maana Septemba 2025 nilibadili utaratibu tena, nikawapitisha 48 kwa mkupuo, na mabalozi wamo. Nilifundishwa na Reid.

PUNDA: Utajuta siku nitakapokuwa mimi na wingi!

NYUNDO: Hayo McConnell, kiongozi wa mjomba, alimwambia Reid mwaka 2013, karibu kwa maneno hayo hayo. Kisha Biden alipokaa Ikulu ukathibitisha majaji 235 bila kuhitaji kura ya 60. Sikukusikia ukidai irudishwe.

PUNDA: Wewe ni nyundo tu. Unaelemea upande gani?

NYUNDO: Sina upande. Kazi yangu ni kugongwa na yeyote aliyekalia kiti, na huu mwaka wa sabini na zaidi sijaona aliyekalia akasifu kuchelewa. Kwa wateule, 60 imekwisha. Imebaki kwa miswada mingi. Mnaosoma haya, siku mmoja wa hawa atakapokuja kuwahubiria subira, kwanza mwulizeni ana viti vingapi.