Sifa za Dagaa Sandukuni

Wapo waliowasifu wafalme, na wapo waliosifu farasi na majahazi. Mimi nakusudia kumsifu dagaa mkavu wa Ziwa Victoria, yule afungwaye katikati ya nguo za binti wa Mwanza anayejiandaa kwenda Ujerumani kuwa au pair, yaani kukaa na familia ya watu kwa muda usiozidi mwaka, akilea watoto wao na kujifunza lugha yao.

Binti huyo, ambaye siku ya kuomba viza sharti awe hajatimiza miaka 27, amekwisha kuhangaika na Kijerumani cha daraja la kwanza, amekwisha kufunga safari ya Dar es Salaam kwa ajili ya ubalozi, na amechambua mitumba akitafuta koti la baridi katika mji usiopata kuona theluji. Kisha, usiku wa kufunga sanduku, mizani ikisimama kwenye kilo 23 kamili, shangazi yake huingia na kifurushi kutoka soko la Mwaloni Kirumba. Kamusi hutolewa, viatu vya pili hutolewa, dagaa huingia. "Kamusi, mwanangu," asema shangazi, "huko wanazo."

Na kwa nini asiingie? Huvuliwa katika usiku wa giza, akivutwa na nuru ya karabai, au siku hizi ya taa za umeme wa jua, akaanikwa mchangani au juu ya chanja, akasafirishwa hata Kongo na Zambia bila kudai barafu. Mlinganisheni na sangara, mgeni aliyepandikizwa ziwani katika miaka ya 1950, akawala wenyeji wake kwa uchu usiosemeka. Sangara huenda Ulaya kwa ndege na vyeti, naam, lakini huenda hana kichwa, hana ngozi wala mifupa, hata mlaji wa huko hana njia ya kujua kama samaki huyo alipata kuwa na uso. Dagaa huenda mzima, macho kodo, harufu yake ikimtangulia kama mpiga mbiu.

Harufu hiyo wajinga huiita aibu. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku nchini mwaka 2019, kifurushi hufungwa kwa karatasi ya kaki, ambayo haizuii kitu; na heri isizuie, kwani masanduku meusi yasiyo na idadi yazungukapo katika kiwanja cha Frankfurt, mwenye dagaa hulitambua lake akiwa amefumba macho, na mwizi hulipisha kwa adabu.

Hata sheria imemtukuza. Umoja wa Ulaya humkataza msafiri wa kwetu kuingia na nyama au maziwa, kwa hiyo samli hubaki Mwanza. Lakini samaki mkavu wa kula mwenyewe huruhusiwa hadi kilo 20. Ng'ombe, ambaye Usukumani ndiye mahari na ndiye heshima ya mji, amezuiwa mlangoni, na dagaa amepita!

Akishafika, sheria za Ujerumani humlinda binti asifanyishwe kazi zaidi ya saa 30 kwa juma, na humpatia posho ya yuro 280 kwa mwezi. Dagaa hana mkataba: ndani ya kabati la wenyeji hufanya kazi usiku na mchana, Jumapili na sikukuu, wala hadai hata senti.