Kilo Nne na Nusu za Jumapili Usiku

Mama alitoka kliniki ya moyo na vidonge vya kupunguza maji, katazo la chumvi ya kuongezea mezani, na agizo la kujipima uzito kila asubuhi. Daktari alitueleza kuwa moyo ukichoka kusukuma damu, maji hujikusanya mwilini polepole: miguuni, tumboni, mwisho kwenye mapafu. Mizani huweza kuyaona mapema kuliko macho, maana lita moja ya maji ni kilo moja. Uzito ukipanda zaidi ya kilo mbili ndani ya siku tatu, alisema, msingoje miguu ivimbe, nipigieni simu.

Agizo ni jepesi kulisikia. Ila nyumba yetu ina watu wengi, na kila mmoja ana mizani anayoiamini.

Ya nyumbani ni ya kioo, ya betri, aliinunua Kaka. Ilikaa chumbani kwa Mama juu ya kapeti, nayo ilimpa kilo 66. Kliniki walikuwa wameandika 69. Mwisho wa wiki Mama alikwenda kwa Dada, Tabata. Jumapili wakapitia duka la dawa la mtaani, Mama akapanda mizani akiwa na dera, kilemba, mkoba begani, na tumboni chai ya maziwa na chapati. Ikasoma 70 na nusu. Namba zote hizo ziliingia kwenye daftari moja, zikifuatana, bila mtu kuandika ipi imetoka wapi.

Usiku huo Mama aliporudishwa, Kaka akafungua daftari. Ijumaa 66, Jumapili 70 na nusu. Alipiga ukelele ulioamsha watoto. Baba akaanza kutafuta kadi ya bima. Wifi akaenda jikoni akamwaga mchuzi wa samaki wote, sufuria nzima. Mimi nikapiga magoti nikambonyeza Mama juu kidogo ya kifundo cha mguu, nikashikilia kidole gumba, nikaachia nione kama shimo litabaki. Halikubaki. "Wanangu, mimi napumua vizuri, niacheni nilale," alisema, na hakuna aliyemsikiliza. Saa sita usiku tulikuwa mapokezi ya hospitali. Hapo alipimwa 67.8. Daktari wa zamu akamsikiliza mapafu mgongoni, kushoto na kulia, akasema hakuna maji, mpelekeni akapumzike.

Tulirudi saa tisa usiku. Mimi sikulala. Kama mizani zinaweza kutuzulia kilo nne ambazo hazipo, basi zinaweza pia kutuficha kilo nne zilizopo, na Mama akazama ndani ya maji yake mwenyewe huku daftari likisema yuko salama.

Kesho yake alikuja Mjomba. Mjomba amefanya kazi miaka mingi kwenye mizani ya malori, barabara kuu, mahali ambapo kikomo ni tani 56 na kila dereva hudai kwamba mizani aliyotoka nyuma haikusema hivyo. Alimjulia Mama hali, akanywa chai yake taratibu, kisha akaomba aonyeshwe mizani. Akaigeuza chini juu. Ina miguu minne, na ndani ya kila mguu kuna kipande cha chuma kinachopinda kidogo mno kikikandamizwa. Kupinda huko hubadilisha umeme unaopita, na mabadiliko hayo ndiyo hugeuzwa kuwa namba. Juu ya kapeti laini miguu huzama, tumbo la mizani hugusa kapeti, na sehemu ya uzito hushuka sakafuni bila kupita miguuni. Kwa hiyo husoma pungufu, tena leo hivi kesho vile.

"Lori halipimwi kwenye matope," Mjomba akasema, akaihamishia ukumbini kwenye marumaru, akabonyeza kona moja baada ya nyingine kuhakikisha haichezi.

Halafu akataka saruji. Jirani alikuwa anajenga ukuta, na vijana wake wakatuletea mfuko wa kilo 50 ambao haujafunguliwa. Waliutua polepole: 50.9. Wakauinua, mizani ikarudi sifuri, wakautua tena: 50.9. Mara ya tatu: 51.0. Mjomba akaomba wairudishe kapetini. Huko ikasoma 48.7, kisha 47.9, kisha 49.2. Baba, aliyekuwa ameshaanza kuulizia bei ya mizani mpya, akanyamaza. Mama alikuwa analalamikia vumbi la saruji kwenye sakafu iliyodekiwa asubuhi ileile.

"Kuzidi kidogo hakunisumbui," Mjomba alituambia. "Hata mfuko wenyewe huenda haukutimia. Nataka mizani inayorudia neno lake."

Tangu hapo haihamishwi, hata siku ya kudeki. Mama hujipima akitoka msalani, kabla ya chai, khanga moja, miguu mitupu, mikono chini, macho mbele, mpaka namba itulie. Glasi moja tu ya maji ni robo kilo. Mizani ya nyumbani kwa Dada ililetwa ikawekwa pembeni ya hii, Mama akapanda moja akashukia nyingine: ya Tabata ilizidi kwa 1.2. Sasa ina safu yake daftarini, na tofauti hiyo imeandikwa juu.

Haikupita muda mrefu daftari likafanya kazi yake. 67.1, kesho yake 67.9, kesho yake tena 69.3. Miguu haijavimba, Mama anacheka, ila kwa siku hizo jirani mmoja mwenye upendo alikuwa akimletea papa mkavu wa nazi, na papa mkavu ni chumvi tupu. Tulipiga simu kliniki. Daktari akaongeza vidonge kwa muda, na namba zikaanza kushuka.

Kisha kukawa na harusi Tanga. Kaka alitaka mizani ipakiwe kwenye basi. Mjomba akakataa, akasema itagongwagongwa njiani. Kinachosafiri ni daftari. Shangazi wa Tanga ana mizani ya mshale, ile yenye kigurudumu cha kurudisha sifuri, nayo ilimpa Mama 72. Ikaandikwa juu kabisa ya safu mpya. Naona siku ya kwanza ugenini ndiyo ya kuangalia zaidi, kwa kuwa namba haina mwenzake wa kulinganishwa naye. Hivyo Shangazi alimbonyeza miguu na, kwa ajili ya mapafu, kumuuliza usiku alilalia mito mingapi. Miwili, kama siku zote. Kesho yake mshale ukasimama kwenye 72, na Mama akaenda kuvaa.