Bima Ndogo kwa Dereva Mwenye Haraka

Mwongozo huu unakuhusu wewe uliyelitoa gari bandarini wiki hii, ukashuhudia ushuru ukikimbizana na bei ya gari lenyewe, na sasa limebaki jambo moja tu kati yako na barabara. Mfuko umekauka. Nia yako ni nyoofu: afande wa pale Mwenge akikusimamisha, akuache upite.

Nenda basi kwa wakala. Usimuulize bima inalipa nini, muulize bei. Naye atakuuliza, "Kubwa au ndogo, bosi?" kwa sauti ileile ya muuza juisi ya miwa, nawe utajibu ndogo. Kwa miaka mingi bima ndogo ya gari dogo la binafsi Tanzania Bara imekuwa ikilipiwa 118,000: laki moja ya bima yenyewe, elfu 18 ya VAT. Vitz iliyochoka inalipa hiyo, Harrier inayong'aa inalipa hiyohiyo. Ungetulia dakika moja ukajiuliza kwa nini hakuna aliyetaka kujua thamani ya gari lako, ungekuwa umeelewa mkataba wote bila kuufungua. Lakini usitulie. Foleni ni ndefu na mchana jua kali.

Sasa una bima, na unaweza kuamini kwamba gari lako lina bima. Hapa wengi hukaa miaka kwa raha kabisa. Ukweli ni kwamba gari lako halina chochote. Wenye bima ni watu wengine. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, haikutungwa kwa kuihurumia bampa yako. Ilitungwa kwa ajili ya mama anayevuka barabara Mbagala, ambaye ukimvunja mguu asiambiwe kwamba mshahara wako ni mdogo. Wewe unayelipa, na kampuni inayopokea, mko ndani ya mkataba; yeye aliye nje ndiye mtu wa tatu, na ndiye anayelipwa. Mguu wako wewe dereva haumo. Boneti yako haimo. Taa zako, ambazo moja tu inaweza kula nusu ya mshahara, hazimo.

Mali ya mtu wa tatu nayo ina mipaka yake. Sheria inahangaika hasa na uhai na mwili. Gari, ukuta na kibanda cha chipsi ulivyovigonga vinalipwa kwa mujibu wa mkataba, na mkataba una kikomo kilichoandikwa kwa tarakimu. Ukiikwaruza IST ya jirani, kikomo hicho hutakiona. Ukiivaa Land Cruiser mpya Barabara ya Bagamoyo, unaweza kukutana nacho siku hiyohiyo. Kinachozidi ni chako, na mwenye gari anaweza kukufuata mahakamani.

Tuje kwenye ajali yenyewe, maana hapa ndipo dereva mwenye haraka anapoonyesha kipaji. Umegonga. Shuka kwa hasira hata kama kosa ni lako. Watu watajaa, na kati yao patatokea mzee mmoja, au kijana wa bodaboda, atakayejipa uhakimu papo hapo bila kuombwa. "Malizaneni hapahapa, polisi ni usumbufu." Shauri zuri sana. Kubali kosa kwa sauti, mbele ya mashahidi. Ahidi kulipa gereji. Tuma kiasi kidogo kwa simu kama ishara ya uungwana, ombaneni radhi, peaneni mikono, muondoke.

Baada ya siku chache yule bwana atapiga simu: shingo inamuuma, na fundi amegundua chasisi imepinda. Ndipo utakapokumbuka kwamba una bima, tena ya watu wengine, tena kwa ajili ya kadhia kama hii hasa. Utakwenda ofisini na utaulizwa ripoti ya polisi. Huna. Utaulizwa kama ulikiri kosa au kuahidi malipo bila kampuni kujua, jambo ambalo mikataba ya bima hulikataza waziwazi. Ulikiri, na watu zaidi ya kumi walikusikia. Bima ndogo inajua kazi moja tu, nawe umeiachisha kazi hiyo pale pale barabarani kwa upole wako.

Mwenye roho ngumu hufanya kinyume: anamwangalia aliyeumia kwanza, anapiga picha magari yakiwa yalivyosimama, anawaita trafiki, anahakikisha majeruhi anapata fomu ya polisi ya PF3, anaiarifu kampuni mapema, na kuhusu nani mwenye kosa anafunga mdomo. Watu watamwona hana utu. Anaweza kuvumilia.

Ipo pia bima ya katikati, ambayo mawakala wengi huipita bila kuitaja: mtu wa tatu pamoja na moto na wizi. Inapanda bei kidogo kuliko ndogo na inabaki chini ya kubwa, ile inayolikinga gari lako lenyewe, na hapo thamani ya gari lako inaanza kuulizwa. Ina maana kwa watu fulani, nitawafikia. Kwanza tumtazame dereva wetu alivyoielewa. Amesikia neno wizi, akalala usingizi. Asubuhi anatoka nje Sinza na kukuta vioo vya pembeni vimeng'olewa, swichi za pawa windo zimeondoka na taa ya nyuma imeachwa moja, kama wezi walivyoona inafaa. Mikataba mingi ya aina hii inamaanisha wizi wa gari zima. Vipande vikiondoka na gari likabaki, hasara ni yako. Dar es Salaam ilishalijua hili zamani, ndiyo maana magari mengi yamechorwa namba za usajili kwenye vioo na taa, na ndiyo maana mtu anaweza kuzunguka Kariakoo akitafuta kioo cha kununua huku moyoni akiogopa kukikuta cha kwake.

Hata gari zima likiondoka, ipo hadithi ya ufunguo. Umempa kijana wa kuoshea magari alisogeze kivulini, akalisogeza mpaka mkoa mwingine. Au umemkodishia mtu kwa wiki mbili, wiki ya tatu simu haipatikani. Mtaani huo ni wizi, hakuna ubishi. Kwenye mkataba, mtu uliyemkabidhi gari kwa hiari yako mara nyingi huwekwa kwenye kifungu tofauti na mwizi aliyevunja kioo, na kifungu hicho huwa kwenye orodha ya yasiyolipwa. Moto nao una vifungu vyake. Gari likiteketea, sawa. Waya zikiyeyuka zenyewe chini ya dashibodi kwa sababu fundi wako aliunga spika kwa mkanda wa karatasi, jiandae kwa mazungumzo marefu na mthamini.

Maji hayamo kabisa. Nalisema hili kwa sababu kila masika mtu hutazama Jangwani iliyojaa, akaona daladala moja limepita, akaamua na yeye anaweza. Si ndogo wala ya moto na wizi itakayolipa injini iliyokunywa Msimbazi. Bima kubwa inaweza kulipa mafuriko, lakini hata yenyewe itataka kujua kama maji yalikufuata wewe, au wewe ndiye uliyeyafuata maji.

Jambo lingine la kulifanya bila wasiwasi: kata bima ya gari binafsi kisha uingie kwenye programu ya teksi ya mtandaoni jioni, upate hela ya mafuta. Au Noah ya familia ipige ruti ya Chalinze wikiendi. Bima ya gari la biashara ni ghali zaidi, na abiria hawawezi kukusomea mkataba. Watakaousoma ni kampuni siku ya ajali, na swali lao la kwanza litakuwa gari lilikuwa likifanya nini saa hiyo na nani amekaa kiti cha nyuma.

Baada ya kusema yote hayo, sitaki uondoke hapa ukiamini bima ndogo ni ya wajinga. Kwa watu wengi inatosha kabisa, na wapo wanaotupa fedha kwenye kubwa kwa heshima tu. Chukua Corolla ya mwaka 1998 yenye thamani ya milioni nne. Bima kubwa italipa thamani ya soko ya siku ya ajali, wala si ile unayoihisi moyoni, kisha itakata eksesi, ile sehemu ya hasara unayobeba mwenyewe. Bampa na taa vya gari hilo vinapatikana vikuukuu Ilala kwa bei ya kuongea. Kampuni nyingi zenyewe husita kulipatia bima kubwa gari lililozeeka, na kwa hili naziunga mkono. Mwenye Corolla hiyo akate ndogo, na tofauti ya bei aiweke mahali ambapo mkono wake haufiki kirahisi. Kama analilaza nje ya geti mtaa ambao magari hupotea, ile ya moto na wizi inaanza kumfaa.

Sasa chukua gari la milioni 30. Kwa kiwango kilichozoeleka cha asilimia 3.5, bima kubwa ni 1,050,000, ukiweka VAT ya asilimia 18 inafika 1,239,000. Tofauti na ndogo ni zaidi ya milioni moja na laki moja kwa mwaka, na inauma. Lakini jiulize swali moja tu, ambalo kwa maoni yangu linamaliza mjadala: gari hili likiwa chuma chakavu leo jioni, kesho utakwenda kazini na nini, na deni atalipa nani? Mwenye jibu la haraka, kwa mfano ana gari la pili au ana milioni 30 nyingine zinazomsubiri benki, ndogo inamtosha hata kama gari ni jipya. Asiye na jibu hana gari la bima ndogo, hata akiliendesha kwa mwendo wa bibi harusi. Wenye mkopo hawasumbuki na swali hili. Benki huwajibia kwa kudai bima kubwa muda wote wa deni. Kichekesho ni wanaoirudisha kuwa ndogo siku tu deni linapoisha, yaani siku ambayo gari limekuwa mali yao kweli.

Usinijibu kwamba wewe ni dereva makini. Umakini wako unakukinga na makosa yako. Aliyekugonga kwa nyuma Ubungo, bima ndogo yake ndiyo inayopaswa kukulipa wewe, kwa kuwa safari hii mtu wa tatu ni wewe. Mpango mzuri, ilimradi aliyekugonga ana bima, ni halali, na hajatokomea. Pikipiki isiyo na namba iliyokung'oa mlango na kupotelea uchochoroni haiachi kampuni ya kudai. Hapo mwenye bima kubwa anakwenda kwenye kampuni yake. Mwenye ndogo anakwenda gereji na pochi.

Kuna njia ya tatu, ya werevu. Gari ni la milioni 20, unaliandikisha bima kubwa kwa milioni 10 ili ulipie nusu. Unajiona umewapiga. Ukigonga, matengenezo ni milioni nne, kampuni inapiga hesabu: umelikinga gari kwa nusu ya thamani, basi nusu ya hasara umejikinga mwenyewe. Utapewa milioni mbili, kabla ya eksesi. Heri ndogo iliyo wazi kuliko kubwa ya kudanganya.

Mengineyo ni mafupi. Kabla hujaondoka kwa wakala ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa TIRA-MIS wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima uone kama bima yako ipo kweli. Risiti nzuri na tabasamu si ushahidi. Ukipanga kuvuka Namanga au Tunduma, bima uliyokatia nyumbani inaishia mpakani, iwe kubwa iwe ndogo, upande wa watu wa tatu. Huko unahitaji Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo Tanzania imebaki nayo ingawa ilijitoa COMESA yenyewe mwaka 2000. Kampuni ikikuzungusha kwenye dai halali, iko ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, na ipo kwa ajili ya watu wa kawaida wasio na wakili.

Na tarehe. Bima haina wikiendi wala haisubiri mshahara. Ikiisha Jumamosi usiku, Jumapili unaendesha gari lisilo na kitu, na trafiki akiingiza namba zako kwenye simu yake anajua kabla yako. Faini ya barabarani ndiyo itakuwa nafuu ya siku hiyo. Ukimgonga mtu njiani kwenda kwa wakala, yule mama wa Mbagala atakudai wewe mwenyewe, nyumba na kiwanja. Lipia Ijumaa.