Wote Wamesema Maji

Mahali: ofisi ya mradi wa maji, Dodoma. Ni usiku, wachambuzi wameshaondoka.
Wahusika: DODOSO NA. 217, karatasi iliyorudi kutoka kijijini ikiwa na vumbi. JEDWALI, lililoachwa wazi kwenye kompyuta. Na TISINI NA SITA, namba ya fungu la "Mengineyo".

DODOSO: Hodi hapo mezani.

JEDWALI: Karibu, mzee. Lakini jieleze kwa namba, maneno yananichosha.

DODOSO: Nimekuja kumwangalia mama yangu, yule aliyejibu swali la mwisho: "Una maoni gani mengine kuhusu huduma ya maji?"

JEDWALI: Dodoso 217, mstari wa 218. Huyu hapa: 1.

DODOSO: Moja ya nini?

JEDWALI: Moja ni Maji. Mbili Barabara, tatu Afya, nne Elimu. Tisini na sita ni Mengineyo, tisini na nane Hajui, tisini na tisa Hakujibu.

DODOSO: Mama alisema hivi: "Bomba lipo, maji yamo, kufuli lipo. Ufunguo anao katibu wa kamati, na katibu kaenda msibani Singida tangu Jumatatu."

JEDWALI: Umejisikia mwenyewe. Ametaja maji.

DODOSO: Ametaja na safari ya Singida. Mbona hukumweka kwenye Barabara?

JEDWALI: Usinikejeli, mzee. Mimi nina ukoo. Mkubwa wetu VisiCalc alitoka mwaka 1979, kazi ya Dan Bricklin na Bob Frankston, na wafanyabiashara walinunua kompyuta ili wapate kumtumia yeye. Kujumlisha ndiyo kazi ya ukoo wetu.

DODOSO: Kujumlisha sikatai. Shilingi hujumlishwa na shilingi kwa sababu zinafanana. Nani alikwambia majibu haya yanafanana?

JEDWALI: Kitabu cha misimbo.

DODOSO: Kiliandikwa lini?

JEDWALI: Wiki mbili kabla ya wadadisi kwenda kijijini.

DODOSO: Kumbe watu walishapewa namba hata hawajafungua kinywa!

JEDWALI: Kupanga ni kuchagua.

TISINI NA SITA: Na wasiochaguliwa wote nimeletewa mimi.

DODOSO: Nani huyo anayehema, mwanangu?

TISINI NA SITA: Shikamoo, babu. Mimi Mengineyo. Humu ndani nina ndoo zilizoibwa kwenye foleni, nina fundi aliyechukua malipo ya awali akazima simu, nina binti anayeulizwa kila siku kwa nini kachelewa shuleni. Jana nilikuwa pia na mzee mmoja aliyesema: "Leteni kwanza majibu ya mwaka jana, ndipo muulize tena." Wamemhamisha.

DODOSO: Wamempeleka wapi?

TISINI NA SITA: Kwenye 1, Maji.

DODOSO: Maji gani? Mzee hakutaja maji!

TISINI NA SITA: Kataja "majibu". Mkuu alisema Mengineyo ikinona sana, wafadhili watadhani wachambuzi wamelala. Dawa yake wanaijua: wasome tena waliojazana kwangu, na wanaofanana wafunguliwe msimbo wao. Lakini kusoma kunakula siku. Basi wakaandika herufi m-a-j-i kwenye kisanduku cha kutafutia, wakabonyeza. Wakazolewa wenye majibu, waliogombana na majirani, na mmoja aliyelalamikia majivuno ya mwenyekiti. Wote sasa wana kiu.

DODOSO: Na yule mama wa nyumba ya pili, aliyesema, "Nitakujibu mume wangu akiondoka"?

JEDWALI: Tisini na tisa. Hakujibu.

DODOSO: Huyo kajibu kuliko kijiji kizima!

JEDWALI: Mzee, kazi hii imepimwa kisayansi. Wachambuzi wawili waliweka misimbo, kila mtu kivyake, kisha ikakokotolewa kappa. Ni kipimo cha Jacob Cohen, cha mwaka 1960, nacho kinaondoa makubaliano ya kubahatisha.

TISINI NA SITA: Kivyake? Walikaa meza moja. Wa pili alinakili kwa mkono wa kushoto, wa kulia umeshika chapati. Kappa ikatoka 1, wakapongezana.

DODOSO: Cohen wa watu aliondoa bahati. Chapati hakuijua.

JEDWALI: Yapo makosa madogo, sikatai.

TISINI NA SITA: Madogo? Alhamisi kuna mtu aliipanga safu ya umri peke yake, nyingine akaziacha zilivyo. Tangu siku hiyo kuna bibi mwenye wajukuu tisa ambaye ana miaka 19, na mwanafunzi wa kidato cha pili anayedai pensheni.

JEDWALI: Nilimwonya! Niliuliza, "Nipanue uteuzi?" Akabonyeza kile kitufe kingine. Na wewe mzee usijifanye malaika. Kisanduku changu kimoja kinabeba herufi 32,767. Wewe ulimpa mama nafasi kiasi gani?

DODOSO: Mistari miwili.

JEDWALI: Naye alizungumza kwa muda gani?

DODOSO: Mpaka chai ikapoa. Mdadisi alikuwa na nyumba nyingine nane kabla ya jua kuzama, kwa hiyo alichukua ya ufunguo, mengine yakabaki uani.

JEDWALI: Basi wa kwanza kumfupisha ni wewe.

DODOSO: Ni kweli. Lakini hayo machache niliyoyabeba yanasomeka. Kwako wewe nazungusha macho, safu ya maneno yenyewe siioni.

JEDWALI: Ilifutwa. Ilikuwa inaharibu upana wa ukurasa.

DODOSO: Herufi elfu thelathini na mbili zinaenea kwenye kisanduku kimoja, na bado mama kakosa pa kukaa! Irudishe safu hiyo, iketi ubavuni mwa namba, asiyeamini asome. Na mwenye hoja tatu msimlazimishe kuchagua moja. Kila hoja ipeni safu yake, aliyoitaja muweke 1, asiyoitaja 0. Misimbo itoke kwenye vinywa vya watu, isitoke kwenye kikao cha Dodoma.

JEDWALI: Umechelewa. Ripoti imekwenda tangu saa kumi, na chati yake ya duara ya rangi ya buluu. Karibu wote wamesema Maji. Imeandikwa kwamba wananchi wana kauli moja, na kwamba utafiti ujao hautahitaji swali la wazi, kwa kuwa halikuleta jambo jipya.

TISINI NA SITA: Na wamependekeza nini?

JEDWALI: Kisima cha pili. Kitajengewa uzio imara, na lango lenye kufuli.

DODOSO: Na ufunguo wake atakaa nao nani?

JEDWALI: Hilo, mzee, ni Mengineyo.