Daftari la Wakala

Pale Hedaru, kando ya barabara kuu ya kwenda Same, ukitoa elfu tano kwa wakala wa simu, meseji inaingia, naye bado anavuta kaunta buku: jina, kiasi, weka sahihi. Elfu tano hiyo! Lakini wapo waheshimiwa wanaotaka tumkabidhi urais mtu kwa neno la mashine peke yake.

Kenya walishaonja. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu iliagiza seva za tume ya uchaguzi zikaguliwe; tume haikutii kikamilifu, na Septemba 1 uchaguzi wa rais ukafutwa. Mwaka 2022 picha za fomu 34A, za matokeo ya vituo zaidi ya 46,000, zikawekwa mtandaoni, kila mwenye simu ajijumlishie. Kongo nako, mwaka 2018, wapinzani waliibatiza mashine ya Kikorea ya kupigia kura "mashine ya kuiba". Ajabu ni kwamba hata huyo aliyeitwa mwizi alichapa karatasi ikatumbukizwa sandukuni.

Karatasi si malaika, nayo hujazwa gizani. Ila kuijaza kunataka mikono mingi, na mikono mingi huropoka. Akija fundi na mashine isiyotoa karatasi, mpelekeni kwanza kwa wakala wa Hedaru akaombe elfu tano bila kusaini.